Kuyapa Magari Mgongo

Jumamosi. Mvua ilikatika alfajiri lakini ukungu haujatoka hapa Makutano, na mwandiko wangu leo hausomeki. Si baridi. Baridi ya Meru nilishaizoea.

Leo nimeogopa kweli. Wacha niseme tu.

Mwezi uliopita nilinunua baiskeli ya mtumba, na nyingine ndogo ya Wanja, binti yangu wa miaka kumi na moja. Nimeishi mji huu muda mrefu na bado siujui. Najua ofisi, soko la Gakoromone na kanisa, basi. Nikasema nitauzunguka polepole na mtoto wangu, tuone vichochoro na tule viazi njiani. Kitu ambacho sikumwambia mtu ni jinsi magari yanavyonitisha, hasa zile pikapu zinazokimbiza miraa kutoka mji wa Maua. Zile haziendeshwi, zinarushwa.

Mimi nilizaliwa Siakago. Tulikuwa tunaenda shule kwa miguu, na mama alikuwa na sheria moja: tembea upande wa kulia, uone gari likija. Kama litakugonga, angalau mwangaliane. Tulikuwa tunacheka, lakini sheria hiyo iliniingia kwenye damu. Nilipopanda baiskeli haikunijia kabisa kwamba kuna sheria nyingine. Nikaendesha kulia. Nikamfundisha Wanja kulia. Jioni nyingi, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya ploti yetu, mtu mzima na masomo yake yote nikimpigia kelele: “Kulia, mama! Kaa kulia!”

Na leo asubuhi nikamruhusu aende mazoezi ya kwaya kanisani peke yake. Kwa baiskeli. Kwenye lami. Mara yake ya kwanza.

Mimi nikaenda kukutana na Kendi. Tunafanya kazi ofisi moja, na yeye huja kazini kwa baiskeli mvua ikinyesha, jua likiwaka, amevaa koti la kung'aa kama trafiki. Aliahidi kunionyesha mji. Tulipoingia tu kwenye lami, nikavuka nikaenda upande wangu.

Sikufika mbali. Pikapu ilitokea kwenye kona ikinijia uso kwa uso, honi inalia, na mimi badala ya kushika breki nikafunga macho. Eti nakaa kulia nione gari likija! Likaja, nikafunga macho. Dereva ndiye aliyenikwepa. Nilijipata kwenye nyasi, mguu mmoja kwenye mtaro.

“Woi, Wawira! Unaenda wapi huko? Unataka kunipea presha?” Kendi alikuwa karibu kutoa machozi.

Akanieleza, tukiwa bado tumesimama pale kwenye nyasi. Baiskeli ni gari kama mengine, inakaa kushoto. Dereva anayetoka barabara ndogo huangalia kule magari yanakotoka, hakutarajii utokee upande ule mwingine. Na mkikutana uso kwa uso, mbio zake na zako zinajumlishwa. Nilielewa mara moja, na hiyo ndiyo iliniuma.

Basi nikakaa kushoto. Yaani nikayapa magari mgongo. Kila lori liliponguruma nyuma yangu, shingo ilikuwa inakauka na ngozi ya mgongo inavutika. Lakini nisidanganye hapa, kulikuwa na raha. Tuliteremka kuelekea mto Kathita upepo ukiingia kwenye mikono ya sweta. Tukapita Majengo, viazi karai vinakaangwa, na mwenye bucha akifagia mbele ya duka lake akatuuliza kama tunaenda mashindano. Kendi akanionyesha kutoa mkono kabla ya kukata kona, na nisijibane sana na magari yaliyoegeshwa, kwa sababu mtu anaweza kufungua mlango hajakuona. Nikaanza hata kutabasamu.

Tukasimama tunywe chai. Kikombe kilikuwa mdomoni ndipo nikamkumbuka Wanja.

Nimemfundisha kulia.

Sikumaliza ile chai. Kendi aliniita, sikugeuka. Wanja hana simu, na mwalimu wa kwaya nilimpigia hakushika. Ule mlima ambao siku nyingine ningeupanda nikiisukuma baiskeli, leo niliupanda nikiwa nimekalia kiti, kifua kinawaka, nikiomba kwa Kimbeere, lugha ya kwetu, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeniishia. Mahali fulani wanaume wa bodaboda walikuwa wamezunguka kitu, wameinama. Nikaitupa baiskeli nikakimbia kuangalia. Kumbe ni tairi ya mwenzao imetoboka.

Saa ya mazoezi ilikuwa imeshapita, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja nyumbani; mlango umefungwa, baiskeli yake haipo. Nikasimama kando ya barabara nikiangalia upande wa kanisa.

Halafu nikamwona akija, amevaa helmeti yake nyekundu.

Kushoto. Kushoto kabisa, na alipokaribia kona yetu akatoa mkono.

Nilimkumbatia hadi akaniambia namfinya. Nikamuuliza nani alimwambia akae kushoto. Akaniangalia vile mtu huangalia mgonjwa. “Mami, si kila mtu anajua? Tulifunzwa shule.”

Na mbona tukiwa pamoja anakaa kulia?

“Ndio usiogope. Wewe huogopa usipoona gari.”

Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Muda huu wote nilifikiri namlinda mtoto, kumbe mtoto amejiweka mbele ya magari kwa ajili ya woga wangu. Hiyo imeniogopesha kuliko ile pikapu.

Kesho baada ya kanisa tunaingia mjini sisi wawili. Kwa kushoto. Wanja tayari amepanga kila kitu: mimi mbele, yeye nyuma, awe ananipigia kelele gari likija. Alidhani nitafurahi.

Nimemkatalia. Yule wa nyuma ndiye gari humfikia kwanza. Yeye atakaa mbele, mahali nitamwona, na kitakachotoka nyuma yangu sitakiona.

Bado naogopa, na sidhani usiku wa leo nitalala vizuri. Lakini nyuma nitakaa mimi.