Nilimwambia Bi Mwanajuma Atapona

Yusta, nimetoka kwa jirani yangu Bi Mwanajuma sasa hivi.

Unajua nilivyokuwa naogopa kumtaja Yesu hapa Ngorongo, majirani wote Waislamu. Leo nikajikaza. Binti yake Zena alikuwa hoi, hospitali walishamrudisha nyumbani. Nikamwambia yule bibi, mwamini Yesu, Zena atapona. Nilisema ATAPONA, Yusta!

Akaniangalia weee. "Babu yangu naye aliahidiwa. Vita ya Maji Maji, akanyunyiziwa maji, akaambiwa risasi ya Mjerumani haitamwingia. Ikamwingia hapa."

Akanigusa kifuani. Kifuani pangu!

"Haya mwanangu, sema tena. Atapona?"

Na Zena mwenyewe anasikia, kanitolea macho.

Nikasema sijui, bibi. Sijui kama atapona. Ila Yesu namwamini, hata asipopona.

Nilijua nafukuzwa. Akanisogezea nafasi kwenye mkeka.

"Ungeanza na hilo. Kaa."

Nikakaa, akanishika mkono. Zena amekata roho adhuhuri. Mkono wangu bibi alikuwa bado ameushika.