Askari Aliyemla Jogoo Wangu Anataka Kuoa Kwangu

Mpendwa Mama Hellen, naomba msaada wako upesi kabla ya Jumapili, maana nyumbani hapakaliki. Mimi ni kibarua katika shamba la mzungu huku Turbo, na mwezi uliopita askari wa jeshi waliingia kambi yetu ya wafanyakazi kutafuta bunduki za watu wa msituni, wakapiga milango mateke, wakamwaga unga wangu chini, bunduki hawakupata, koplo wao akampiga kofi jirani yangu Mzee Elphas mbele ya wajukuu wake kwa kuchelewa kusimama, kisha wakamkamata jogoo wangu mwekundu mwenye kilemba, niliyemfuga kwa ajili ya siku wakwe watakapokuja kumposa binti yangu Selpha, wakamchoma pale pale mlangoni wakaniachia manyoya, na aliyelamba vidole kuliko wote ni kijana mrefu mwenye pengo. Selpha hakuyaona hayo, alikuwa kwa dada yangu kule Plateau. Sasa ananiambia amepata mchumba, mtu wa kanisa, anaitwa Kituyi, nami nikachungulia dirishani, Mama, nikaona pengo lile lile! Nilimweleza Selpha, naye alipomuuliza Kituyi alijibu, "Ilikuwa amri ya koplo, ningefanyaje?" Jumapili wazee wake wanakuja, na nikikubali, kwa mila yetu ya mama mkwe na mkwewe sitaweza tena kuongea na Kituyi uso kwa uso maisha yangu yote, na jogoo wangu atakosa mtu wa kumtetea, lakini nikikataa Selpha analia mpaka hali chakula. Ninyamaze au nimfukuze?

Nanzala, Turbo, 1954

Mama Nanzala, pole sana, na unisamehe, nimecheka hapa ofisini Eldoret mpaka karani wa gazeti akaja kuuliza kama naumwa.

Kituyi alitumwa kutafuta bunduki. Jogoo wako alikuwa nayo? Koplo anaweza kuamuru mlango ufunguliwe, lakini kulamba vidole hakuamriwi na mtu. Gwanda lile alivalishwa ili watu kama wewe mlale bila hofu, siyo ili ale bila kualikwa.

Na wewe nina neno nawe. Jogoo umemwandikia rangi, kilemba na mipango yake yote. Mzee Elphas, mtu mzima aliyepigwa mbele ya wajukuu, umempitia haraka haraka. Haya ni makosa mawili, na la jogoo ndilo dogo.

Usimfukuze, na usithubutu kunyamaza. Leo bado si mkwe wako, kwa hiyo mdomo unao. Mwite kabla ya Jumapili, aje mlango ule ule, abishe hodi, angoje aambiwe karibu, halafu umwambie yote ukimtazama machoni. Kisha aende kwa Mzee Elphas, kambi nzima ikisikia, aseme, "Nilisimama nikatazama ukipigwa, Mzee, nilikosa." Akimtaja koplo hata mara moja, mwambie akaombe mke kwa koplo. Na Selpha amuulize mwenyewe: wakirudi kufanya msako, na mkono ukainuliwa tena juu ya mzee, yeye atafanya nini? Asikilize vizuri, maana ndiye atakayeishi naye.

Akiyaweza hayo, Jumapili chinja jogoo mwingine, mpokee kwa furaha, wala usimpunje nyama. Ila firigisi, nyama ya heshima ambayo najua anaimezea mate, mpe Mzee Elphas aitafune polepole, na Kituyi akae atazame. Kutazama si anajua?