Chumba kwa Bi Zena

Dada Koku, salamu nyingi kutoka Temeke.

Manyunyu yanashuka taratibu, harufu ya nazi inaelea uani, najiona kama niko ndotoni. Nimepata chumba! Mwenye nyumba, Bi Zena, aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza kabila.

"Mhaya, Bibi."

"Yalaa! Utajisifu mpaka bati liezuke!"

Nikainama kwa aibu. Akanitazama.

"Mpole hivi? Basi wewe si Mhaya. Ingia."

Nilikitaka chumba, lakini si kwa kumkana mama. "Mie Mhaya, Bibi. Ila atakayelala humo ni Jovin, si kabila zima."

Alicheka sana, akanipa ufunguo. Jirani akadakia, "Umepata Mhaya, utakoma!"

"Nimepata Jovin," akajibu.

Nimewakumbuka mno. Wabusu watoto.

Mdogo wako, Jovin