Madume Wawili Tunduni

Mdogo wangu,

Nimekukosea, na nilikukosea nikijua. Huku wote wazima, paa bado linavuja palepale.

Wale chiriku niliokupa niliwachagua wakiwa makinda, midomo bado myeusi. Umri ule hata sisi wauza ndege hatujui dume wala jike, tunabahatisha tu. Lakini nilikuapia kwamba ni jozi.

Siku ile mama mkwe wako alipouliza mbona hawatagi, nilikuwa nimeshachungulia tunduni. Wote wawili wana mashavu ya rangi ya chungwa, wote wanaimba. Jike hana mashavu hayo, wala haimbi. Nikaogopa kuumbuka, nikacheka: "Ndege nao wamemwiga mwenye nyumba!"

Na wewe mwaka wa tisa unangoja mtoto. Uliinuka, ukaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Usiandae chochote, nifungulie mlango tu. Jumapili hii saa nne asubuhi nitaleta jike, na mbele ya mama mkwe wako nitasema kwa mdomo huuhuu: kosa lilikuwa langu, si lako wala la ndege.

Kaka yako