Picha ya Kaka kwenye Meza ya Wafu

Jumatatu, 21 Oktoba
Bosi kanitwika ukumbi mdogo wa makumbusho: maonyesho ya sikukuu za wafu, zile za majira ya majani kupukutika. Meksiko wanawaita wafu wao waje — maua ya manjano toka mlangoni, picha mezani, chakula alichopenda marehemu. Ayalandi ya kale, inasemekana, waliwasha moto na kuvaa vinyago ili vizuka visiwatambue. Hawa wanasema karibu, hawa tokomea! Nimegonga misumari kutwa. Kukaa bure siwezi.

Jumatano, 23 Oktoba
Meza ya Kimeksiko imepooza kama ya kikao cha bajeti. Bosi anataka kila mfanyakazi alete picha ya marehemu wake. Fundi umeme kaleta ya mkewe, akaifuta kwa mkono wa shati. Wewe je? wakaniuliza. Nikasema nitatafuta.
Nitafute nini? Marehemu sina. Nina kaka, aliyekwenda ng'ambo kutafuta kazi, miaka na miaka kimya. Mama bado anamfulia mashuka.

Jumapili, 27 Oktoba
Nimeichukua! Ile picha ya kaka, ya juu ya kabati la vyombo, anacheka, jino limemeguka. Mama alikuwa anaoga. Nimeificha nyuma ya maua ya meza ya Kimeksiko, nikarudi kuigeuza, nikarudi tena kuigeuza. Namuua? Au nimechoka tu kungoja?

Jumanne, 29 Oktoba
Mama kaona pengo juu ya kabati. Nikadanganya: nimepeleka ibadilishwe kioo. Kanishukuru!

Ijumaa, 1 Novemba
Ufunguzi. Mama kaja bila kuniambia, kajipamba. Vinyago vikamchekesha. Akafika mezani. Akaiona picha.
"Mama, nilitaka —"
"Nyamaza."
Nikangoja kofi. Akaitoa picha nyuma ya maua, akaiweka mbele kabisa.
"Hapa ni wafu tu?"
"Ndiyo, Mama."
"Na wakiitwa hivi, wanakuja?"
"Huko Meksiko wanaamini hivyo."
Akaomba kiti. "Basi mwite. Wewe ndiye uliyemleta hapa."
Wageni wameondoka. Mlinzi keshazima taa za ukumbi mkubwa, anatikisa funguo, ananitazama mimi, si Mama. Naandika nimesimama mlangoni. Nimefungua mdomo mara ngapi sijui — jina la kaka halitoki. Mama hageuki. Mkoba magotini, anasikiliza.