Mvumo wa Spika Kileleshwa

Jumamosi

Dakika mbili tu, Achieng akaumaliza ule mvumo. Mimi nilikuwa nimehangaika nao tangu asubuhi.

Spika za ukumbi wa kanisa zilikuwa zinavuma kama friji bovu, na kwaya imesimama inaningoja. Nilibadilisha nyaya zote za maiki. Nikamwambia pasta spika zake zimezeeka.

Halafu akaingia Achieng, ambaye mimi mwenyewe nilimfunza hata kukunja waya. Hakugusa miksa. Alifuata waya wa amplifaya ya gitaa la besi mpaka jikoni, akauchomoa kwenye soketi iliyo kando ya birika la chai, akauchomeka kwenye ekstensheni yangu. Kimya. Kwaya ikampigia makofi.

Niliyeuchomeka kule jikoni ni mimi. Niliona uvivu kurudi kwenye gari kuchukua ekstensheni ndefu. Na ni mimi niliyemfundisha kwamba vyombo vyote vichukue stima mahali pamoja, la sivyo spika zitavuma.

Pasta akauliza shida ilikuwa nini. Achieng akaniangalia kidogo, akasema, "Ni stima ya hapa tu, pasta. Mwalimu alikuwa amebakisha kidogo aipate."

Afadhali angenisema.

Tukifungasha, pasta alinivuta kando. Binti yake anaolewa Kitisuru mwezi ujao, akaomba namba ya yule dada aje awashughulikie spika. Nikasema nitamtumia nikifika nyumbani.

Nimefika, nimekula, nimeoga. Namba ya Achieng naijua hata bila kufungua simu.