Kiwanda cha Chini Kinauzwa

Jumatatu, 4 Machi
Hukumu ya rufaa imetoka. Baraza la Ushindani limesema Bosi alipomnunua mpinzani wake alibaki peke yake sokoni, akapandisha bei ya chakula cha kuku mpaka wafugaji wakashika vichwa. Kweli kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nawatangazia hizo bei.

Faini imepunguzwa nusu. Bosi akaagiza soda kwa ofisi nzima! Wakili alikuwa bado anasoma. Yaliyobaki tumeyasikia soda mkononi: wafugaji ruksa kudai fidia, na kiwanda kimoja kati ya viwili kiuzwe kwa mtu asiyehusiana na Bosi hata kidogo. Faini ni adhabu ya yaliyopita, wakili akaeleza. Kuuza kiwanda ni dawa, ili ushindani urudi. Muda wote wamepigania faini tu. Dawa hakuna aliyeiulizia. Bosi akanywea.

Jumatano, 6 Machi
Kinachouzwa ni cha chini. Changu. Naenda nacho, kama mashine. Kaka anabaki cha juu, mkuu wa mauzo kama mimi. Amecheka. Eti sasa tutanyang'anyana wateja, nijiandae kulia.

Jumatatu, 8 Aprili
Mmiliki mpya kaingia. Mama mmoja, hana maneno mengi. Wakili wake katusainisha: bei, wateja, punguzo — marufuku kumwambia mtu wa kiwanda cha juu. Ukivunja, kazi huna, na barazani unaitwa wewe. Nikauliza, hata ndugu? Akanisogezea kalamu.

Jumapili, 28 Aprili
Tumeshusha bei. Wafugaji wanamiminika kwetu. Dawa inafanya kazi, lazima nikiri. Nimefurahi, hata naona aibu.

Kaka amekuja mchana huu. Chai hajaigusa. Bosi kamwambia arudishe wateja mwezi ujao au afungashe. Anataka bei yetu inayofuata, basi, ajue pa kushikia. Nikimpa, tumerudi kule kule: wawili kwa jina, bei moja.

"Mdogo wangu, bei tumeambiana miaka yote, kila Jumapili, meza hii hii. Leo imekuwa kosa?"

Nampenda kaka yangu. Kazi hii ni yeye aliyeniingiza.

Nikamwambia nakuja, nafuata sukari. Nimekaa kitandani, naandika. Sukari iko mezani, mbele yake.